Msiba Wangu Umeenda Ujerumani, Mimi Nimebaki Durban

"Na walipompata, alikuwa amevaa sweta lako la chuo. Sivyo?"

Jamani... sikuwa nimefika kwenye sweta bado!

"Profesa... umejuaje?"

Yule mama wa Kijerumani kwenye skrini alivua miwani.

"Kwa sababu asubuhi ya leo mwombaji mwingine wa Durban ametusimulia habari hiyo hiyo. Mafuriko ya Isipingo, mama, sweta. Tena yeye alisimulia vizuri zaidi."

Nilinyoosha mkono kama niko darasani.

"Bi Atupele, hapa tunaheshimu ukweli. Asante kwa muda wako."

Skrini ikawa nyeusi.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi ni mtu wa aibu. Hata kwenye taxi, daladala za huku, naogopa kupaza sauti dereva asimame. Napitilizwa, narudi kwa miguu.

Mama yangu alifariki kwenye mafuriko ya 2022. Alinisukuma juu ya bati, yeye maji yakambeba. Walimpata kesho yake, sweta langu mwilini. Sikuwahi kumsimulia mtu.

Isipokuwa Ghislaine.

Ghislaine ni Mkongo. Mama yake, Mama Antoinette, anauza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu pale soko la Warwick. Baada ya msiba walinichukua nikaishi kwao. Mimi na Ghislaine tulisoma Kijerumani pamoja, tukaomba chuo kimoja huko Ujerumani, masomo ya usimamizi wa maji. Usaili ni wa video. Ufadhili ni wa mtu mmoja tu.

Kila jioni alijifanya profesa ili nizoee kuongea.

"Rudilia, Atu. Ukifika kwa sweta usilie. Sema polepole."

Kumbe alikuwa anakariri!

Nilimkuta chumbani anapaka rangi kucha.

"Ghislaine, umenifanyia nini?"

"Eish, Atu, usianze drama."

"Yule ni mama yangu!"

"Na ungemusema namna gani? Ungelia tu. Miye nilimusema muzuri." Akapuliza kucha zake. "Mama yako alikufa bure, miaka yote hii. Miye nimemupatia kazi."

Mtaniuliza mbona sikuwaandikia chuo. Niliandika! Walijibu mistari miwili: uamuzi ni wa mwisho.

Ghislaine akapanda ndege. Mimi nikabaki kwa mama yake. Ningeenda wapi?

Miezi ikapita. Siku moja Mama Antoinette akaniita mezani kwake sokoni. Wateja wamemzunguka, simu iko juu. Chuo kilikuwa kimeweka mtandaoni video ya Ghislaine, koti jekundu, theluji nyuma yake.

"Kuya hapa mtoto yangu! Weye unajua Kijerumani. Ambia hawa watu Ghislaine anasema nini."

"Anasema huko hakuna sombe!" akatania Achille, fundi simu wa jirani. Watu wakacheka.

Kwenye video Ghislaine alikuwa analia. Analia vizuri, chozi moja moja.

"Mama yangu alikufa kwa maji," alikuwa anasema. "Sina mtu mwingine duniani."

Ukweli ulikuwa kwenye ulimi wangu. Kwa sentensi moja tu ningemuumbua mbele ya soko zima! Nikamtazama Mama Antoinette. Alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Huyu ndiye aliyenilisha nilipokuwa sina mtu.

Nikashindwa.

"Anasema... anamshukuru mama yake. Kila alichonacho kimetoka kwa mama yake."

Vigelegele! Mama akawafungia watu sombe, akangoja waondoke, kisha akaniinamia sikioni.

"Asante, mtoto yangu. Hawa watu walinisukuma nikuite, na niliogopa utawaambia miye nimekufa."



"Mama... ulijua?"

"Ni miye nilimwambia aniue." Hakuacha hata kufunga mafungu yake. "Mama muzima wa sombe, nani atamupatia mtoto wake bourse ya kusoma? Mama yako alikuwa amekwisha kufa. Tulimuazima tu."

"Lakini mama... mimi nilikuwa nalala kwako. Nakula kwako!"

"Ndiyo. Ao ulidhani chakula yangu ni ya bure?"

Kisha akanionyesha gunia la samaki. "Beba hii, tunafunga."

Na mimi nikabeba.

Nimehama kwake. Nyie mnaojiandaa kwenda kusoma nje, fanyeni mazoezi na marafiki, lakini kidonda chako mwenyewe usikifanyie mazoezi mbele ya mtu anayetaka nafasi ile ile. Na ukiibiwa, ongea pale pale, hata sauti ikitetemeka. Ukichelewa, mwizi ni wewe.

Nimeomba tena, chuo kingine. Ile video imetazamwa na watu wengi mno. Nikitaja sweta nitaambiwa nimeiga. Juzi kwenye usaili wameniuliza kwa nini nimechagua kusomea maji.

Nimewaambia tangu utotoni nayapenda.