Bustani ya Nyuma ya Jiko

Soko la Kaisho lilikuwa limefurika watu siku Methodius alipomwona Kemirembe kwa mara ya kwanza, mwaka 1952. Methodius alikuwa bwana shamba mgeni kutoka Muleba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ikanyooka. Kemirembe, katika gauni la maua ya njano, alikaa nyuma ya mafungu ya mboga ya mgagani.

"Dada, haya si magugu?" Methodius akauliza.

"Nunua fungu moja ukapike, Bwana Shamba. Kisha urudi uniombe radhi."

Alirudi. Miezi mitatu baadaye alikuwa akifika kwao kila Jumapili baada ya misa, na Kemirembe akimwita Bwana Shamba wangu.

Mwezi uliofuata Kemirembe alikwenda Rugu kumuuguza dada yake. Methodius akaamua kumfurahisha. Bustani ya nyuma ya jiko la kina Kemirembe ilikuwa ikimkera siku nyingi, mgagani umechanganyika na mnavu na maboga. Akang'oa kila kitu, akavuta kamba ya kunyooshea mistari, akapanda kabichi.

Kemirembe alirudi baada ya wiki tatu. Alisimama uani, mzigo ungali kichwani.

"Umeipenda, mpenzi?" Methodius akauliza.

"Mgagani wangu uko wapi?"

"Nimeutupa. Hizi kabichi ni mbegu bora kabisa."

"Ule aliuacha mama. Kila msimu nilikuwa natunza mbegu, na safari hii nilikuwa sijavuna." Akautua mzigo. "Migomba ni ya baba. Kahawa ni ya baba. Pale tu ndipo nilipopanda ninachotaka. Nikiamka, kabla ya kumsalimu mtu, nakwenda kuona kilichoota. Ungeniuliza, Methodius."

"Mzee alikubali."

"Bustani haikuwa ya mzee."

Methodius aliandika barua mbili. Zote zilirudi bila kufunguliwa. Mwishowe akaenda Isingiro, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza mgagani. Alirudi na miche michache kwenye jani la mgomba.

Kemirembe aligeuza mche mmoja. "Mashina ya huu ni mekundu. Ya ule wa mama yalikuwa meupe."

"Nimepita nyumba kumi na moja. Huo mweupe haupo."

"Najua haupo. Ndiyo maana nina hasira."

 Methodius alichuchumaa, akaanza kung'oa kabichi zake.

"Acha huo mstari wa mwisho," Kemirembe akasema. "Baba amezipenda."

Akaacha. "Kemirembe, nataka kuleta washenga."

"Walete. Lakini bado nimekasirika."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Usinipangie na hilo."

Methodius alinyoosha kamba yake ili apande. Kemirembe akaikunja, akamrudishia mkononi, akachukua jembe na kuchimba shimo la kwanza mahali alipotaka mwenyewe.