Jogoo wa Tatu

Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kabla Lynnette hajafumbua macho, sauti ile ilikuwa imeshapenya dirishani. Ilikuwa sauti ya kisu kikinolewa kwenye jiwe, upande wa pili wa ukuta. Lynnette akatabasamu ndani ya shuka. Kwa watu wengine Krismasi huanza kwa kengele. Kwao Bofu, Likoni, ilianza kwa kisu cha jirani, mjomba Ahmad.

Nyumba hizi mbili zilitumia ukuta mmoja, na sikukuu zote. Kwenye kalenda ya mama yake Lynnette, Philister, Krismasi na Pasaka zilizungushiwa kalamu nyekundu. Idi zote mbili zilizungushiwa penseli, maana mwezi hauandami kwa amri ya kalenda. Siku ya Idi, Bi Dhahabu, mamake Ahmad, aliwaletea pilau katika sahani kubwa ya maua ya buluu, iliyofunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Siku ya Krismasi sahani ile ile ilirudi kwake, na haikurudi tupu hata mara moja. Na ili Bi Dhahabu na mjukuu wake wale bila wasiwasi, kuku wa Krismasi walichinjwa na Ahmad, kwa bismillahi, kama dini yao inavyotaka. Ndivyo ilivyokuwa tangu Lynnette hajazaliwa, miaka kumi na miwili iliyopita.

"Kuku watatu," mama alisema akijifunga kitambaa chake cha kwaya. "Wafunge miguu vizuri, umpe mjomba Ahmad. Nikirudi kanisani niwakute wamenyonyolewa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Lakini gauni jipya lilikuwa kitandani likimwita. Kuku wawili Lynnette aliwafunga barabara. Wa tatu, jogoo mwekundu mwenye majivuno ya chifu, alimzungushia kamba mara moja tu. Ahmad alipomaliza wale wawili na kumnyooshea mkono, jogoo alifurukuta, akaruka ua, akatokomea.

"Haya! Huyo kaenda kula Krismasi Diani," Ahmad akacheka. Kisha akatazama saa. "Mwanangu, leo niko zamu bandarini, na feri hainisubiri. Wawili wanatosha. Ukimpata huyo mkimbizi, mfunge, nitamchinja nikirudi jioni."

Ahmad hakuwa amefika hata barabarani, Maxwell akamnasa jogoo nyuma ya tangi la maji. Maxwell alikuwa binamu yake Lynnette, kijana wa miaka kumi na mitano aliyekuja likizo kutoka Nairobi.

"Lete kisu," akasema. "Si ni kuku tu? Tunangoja mtu wa nini?"

"Lakini Bi Dhahabu..."

"Nani atajua? Kuku akiingia kwa sufuria, wote ni supu. Ama unataka mathe wako ajue ni wewe ulimfunga vibaya?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda Lynnette. Akaleta kisu.

Saa sita mama alirudi, sauti imemkauka kwa nyimbo. Akawatazama kuku karaini. "Wote watatu kawachinja Ahmad?"

"Ndiyo, mama."

Maneno mawili tu, kisha akageuka kuchota maji. Kuku wote watatu wakaingia sufuria moja. Harufu ya kitunguu saumu na dania ikaruka ukuta. Chakula kilipoiva, mama aliijaza sahani ya maua ya buluu, akaifunika kawa. "Mpelekee bibi ingali moto."

Kutoka mlango huu hadi ule zilikuwa hatua kumi na mbili. Siku hiyo Lynnette aliona kama anakwenda Miritini kwa miguu.

"Hodi!"

"Karibu! Tangu asubuhi sijala kwa ajili yenu," alisema Mwanasaumu, mjukuu wa Bi Dhahabu, aliyeketi dawati moja na Lynnette shuleni. "Na yule binamu yako hajambo? Jana kanisemesha, sikuelewa hata neno. Kiswahili chake kimechinjwa na nani?"

Siku nyingine Lynnette angecheka mpaka machozi. Leo alipita moja kwa moja hadi ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikukuu njema." Bi Dhahabu alikuwa mkekani, ameshanawa. Akafunua kawa, akavuta harufu, akafumba macho kwa raha. Hakuuliza nani kachinja. Hakuwahi kuuliza. "Bismillahi," akasema, na mkono ukashuka kwenye paja la kuku.

"Bibi, usile!"

Mkono ukasimama hewani. Lynnette akasema yote: kamba, jogoo, kisu, hata yale maneno ya "nani atajua". Bi Dhahabu akafuta vidole vyake polepole.

"Mwanasaumu!"

"Abee, bibi."

"Niitie Philister."

Mama alikuja akijifuta mikono kwa kanga. Aliposikia, aliketi chini kwa kishindo. "Mama, nisamehe," akamwambia Bi Dhahabu, na machozi yakamtoka. Lynnette aliogopa kofi. Kofi halikuja, na machozi yale yalimuuma zaidi. Akaitazama sahani ya maua ya buluu, akahisi kwamba haitavuka ukuta ule tena.

"Philister," Bi Dhahabu akauliza, "chapati zako zimegusana na nyama?"

"La, mama. Nilizipika mwanzo, ziko kapuni."

"Basi zilete. Mbaazi zangu za nazi ziko jikoni. Na huyo mchinjaji wenu wa Nairobi naye aje."

Maxwell aliingia ameinamisha kichwa. "Bibi, naomba msamaha. Sikujua ni kitu kikubwa hivyo."

"Ulijua, mwanangu. Ndiyo maana ukauliza nani atajua. Haya, keti ule."

Kisha Bi Dhahabu akamgeukia Lynnette, akamshika mkono. "Nikilifunua kawa hili, macho yangu hayaoni nani kachinja. Mimi nala kwa kumwamini mamako, naye alipika kwa kukuamini wewe. Ukiongopa wewe, sote twala uongo. Jogoo kukutoroka ni kosa la kuchekwa, wallahi, Ahmad mwenyewe alicheka. Ulipolificha ndipo ulipoharibu. Lakini umesema kabla sijameza, na hilo nitalikumbuka kila nikifunua kawa."

Lynnette aliichukua sahani hadi kwao, akaihamisha nyama, akaisugua mara tatu kwa sabuni na maji safi. Akapanga chapati humo, akaifunika kawa, akairudisha. Haikurudi tupu. Akapiga magoti mkekani, mbele ya mama yake na watu wote.

"Bibi," akasema kwa sauti iliyosikika hadi uani, "Krismasi ijayo kuku nitawafunga mimi, mafundo mawili kila mmoja, na sitaondoka mpaka mjomba Ahmad amalize wa mwisho. Akitoroka hata mmoja, nitakuja hapa nikwambie katoroka. Nakuahidi."