Boksi Halifi Bila Kuuawa

Kila alasiri, akitoka shule, Tochi alivua sare, akala kilichofunikwa mezani, kisha akashika njia ya gereji. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu tangu akiwa na miaka saba kazi yake ilikuwa kumulika ndani ya boneti mama akishughulika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono wake ulikuwa umetulia kama rafu ya ukutani. Mama alikuwa fundi umeme wa magari. Walioambiwa hivyo kwa mara ya kwanza walicheka. Gari likiwashinda mafundi wengine, walikuja bila kicheko.

Lakini wiki hiyo pale gerejini hata mama mwenyewe alikuwa hana hamu ya kusema. Gari dogo jeupe la mkunga lilikuwa limesimama siku ya nane, boneti wazi kama mdomo wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mama alikalia ndoo iliyopinduliwa, mita ya kupimia umeme mapajani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mulika hapa. Chini zaidi. Hapo hapo."

Tochi akamulika. Laiti angeweza kuzima! Maana kile ambacho mama alikuwa akikitafuta kwa siku nane, yeye alikijua.

Mambo yalianza hivi. Ijumaa moja mkunga alileta gari lake lifanyiwe kazi ndogo, taa ya mbele tu. Mama akaimaliza, akamwachia Tochi kazi ya mwisho. Pale gerejini kulikuwa na desturi: gari halitoki na injini chafu. Na desturi hiyo ilikuwa na sharti lake. "Mtu huoga," mama alizoea kusema, "injini hupanguswa." Tambara kavu, polepole, pembe kwa pembe.

Mama akaenda kwa jirani kurudisha spana. Langoni alikuwa amesimama msichana waliyekaa naye deski moja, aliyeitwa Kijiko kwa jinsi alivyochota habari za watu. Alikuwa na mpira wa netiboli kwapani.

"Utapangusa mpaka lini? Timu imeshapangwa, wewe bado unaibembeleza injini!"

Tochi akatazama tambara. Akatazama ndoo ya maji. Akaiinua, akamwaga yote kwa juu, upande wa kushoto, uchafu ukateremka wenyewe. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mkunga alipokuja kuchukua gari alisifu, "Lo! Inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mwanao ana mikono ya baraka."

Jumatatu gari lilirudi likisukumwa na vijana wanne. Injini ilikohoa, ikazima. Mama alichomeka mashine yake ya kusoma hitilafu, kisha akafungua kompyuta ya injini, lile boksi la bati lenye ukubwa wa daftari linaloamuru mafuta kiasi gani yaingie na cheche iruke wakati gani. Ndani yake palikuwa na doa jeusi na harufu ya kuungua.

"Uzee," mama alisema. "Boksi hili lina umri wako mara mbili."

Akapata lingine kwa Mzee Skrubu, muuza vipuri vilivyotumika, lenye namba ileile. Akatoa kichwa cha betri, akasubiri, akachomoa boksi bovu, akafunga hilo la pili, akalitambulisha kwa ufunguo wa gari ili lisimkatae mwenyewe. Injini ikaamka. Kesho yake ikalala tena. Mama alipofungua boksi la pili alikuta doa jeusi mahali palepale.

Tangu hapo akawa anapima. Alipima asubuhi, alipima mchana, akirudi nyumbani alisinzia na kijiko cha supu mkononi. Tochi alimwondolea kijiko taratibu, akakaa akimtazama.

Asubuhi ya siku hiyo ya nane alikuwa amemweleza Kijiko. Kijiko akacheka. "Nyamaza. Maji yameshakauka, na maji hayaachi alama za vidole. Ukisema utapigwa, usiposema utachoka kidogo tu moyoni. Chagua."

Tochi alikuwa amechagua kunyamaza. Ndiyo maana sasa alimulika bila kuinua uso.

Kivuli kikaanguka juu ya boneti. Alikuwa Mzee Skrubu, ameitwa na mama tangu jana, na kifurushi kiko chini ya mkono.

"Umeniuzia maiti, mzee," mama alisema bila salamu.

"Maiti iliyoendesha gari siku nzima? Hiyo kali, binti yangu."

"Sina nguvu za utani leo. Boksi lako limeungua."

"Mimi nauza vitu vilivyotumika, siuzi vitu vilivyokufa. Na wewe fundi unajua kunizidi. Boksi halifi bila kuuawa. Mtafute muuaji."

"Nimepima kila waya!"

"Basi upo mmoja hujaupima."

Mama akasimama. "Basi sikanyagi tena kwako. Na atakayeniuliza sababu, nitamwambia: yule mzee anauza ubovu."

Mzee Skrubu aliweka kifurushi juu ya benchi. "Nimeuza vipuri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, sijaitwa mwongo. Chukua hili, ndilo la mwisho nililo nalo la aina hii. Nalo likiungua, mkunga na atafute punda." Akageuka, akaenda zake akiburuta mguu mmoja.

Hakufika mbali kabla ya kupishana na mkunga mwenyewe. Mkunga alikuja kwa miguu, viatu mkononi, begi la kazi begani, nyayo zimevimba kama mikate. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akaanza kusugua miguu.

"Nimetoka ng'ambo ya mto. Mtoto hakunisubiri, alizaliwa nikiwa njiani. Mzima, na mama yake mzima. Lakini bahati haina mkataba, fundi. Yuko mwingine kule mlimani, wakati wowote sasa, na tumboni kuna mapacha. Kule sifiki kwa miguu."

"Ninalifunga hili sasa hivi," mama akasema, akifungua kifurushi.

"Nalo likiungua?"

Mama akalishika lile boksi la mwisho, akainama. "Mulika."

Tochi akamulika. Mwanga ukacheza juu ya nyaya, ukaruka kushoto, ukaruka kulia.

"Mbona mkono unatetemeka? Tuliza."

Mwanga ukazidi kucheza. Boksi lilikuwa limebakiza upana wa kidole lifike kwenye plagi yake.

"Mama, usilifunge!"

"Nini?"

"Nilimwaga maji. Ile Ijumaa. Sikupangusa, nilimwaga ndoo nzima."

Mkunga aliacha kusugua miguu. Mama akaliweka boksi benchini polepole, kana kwamba lilikuwa yai, akaikalia tena ndoo yake. Tochi akafumba macho akisubiri kofi. Kofi halikuja.

"Kwa juu?" mama akauliza.

"Kwa juu. Upande wa kushoto."

"Nionyeshe, kwa kidole."

Tochi akaonyesha. Mama akatoa betri, akatoa sinia lililoibeba, akaingiza mkono mpaka begani. Chini kabisa, palikuwa na soketi ya kuunganishia nyaya iliyovikwa mpira. Hakuna fundi anayeifungua hiyo, kwa sababu maji ya barabarani hayaifikii. Mama akaubandua mpira kwa bisibisi. Tone la maji likadondoka sakafuni. Ndani ya soketi mlikuwa na kutu ya kijani kama ukungu wa mkate.

"Muuaji huyu hapa," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mpira uliwekwa kuzuia maji yasiingie. Yalipoingia kwa juu, ukawa unayazuia yasitoke. Gari likitikisika, nyaya zinagusana ndani ya maji, boksi linaungua." Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Nimepima nyaya zote za gari hili. Wewe sikukupima."

Tochi akalia. Mkunga akamvuta karibu, akampigapiga mgongoni.

"Kazini kwangu tuna msemo, mwanangu. Mficha uchi hazai. Anayeona haya kunionyesha panapouma, ndiye anayenitia hofu kuliko wote. Umechelewa, lakini umesema kabla mtoto hajaharibika."

Mama akakata nyaya mbili zilizoliwa na kutu, akaunga mpya, akasafisha soketi, akaikausha, akaifunga. Ndipo akalifunga lile boksi la mwisho. Safari hii mwanga wa Tochi ulitulia. Injini ikaamka, wakaiacha ingurume saa nzima, wakiisikiliza kama watu wanaomsikiliza mgonjwa akipumua. Kisha mkunga akavaa viatu, akaondoka.

Siku ya tatu alipita akipiga honi, akatoa vidole viwili dirishani. Mapacha. Gari halikukohoa hata mara moja.

Jioni hiyohiyo mama akamshika Tochi mkono wakaenda kwa Mzee Skrubu. Tochi aliomba radhi kwanza. Kisha mama, naye akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Nami nisamehe, mzee. Nilikuita mwongo, kumbe uongo ulikuwa nyumbani kwangu." Mzee akamtazama mtoto, akaguna. "Yamekwisha. Sasa huyu atakuja kunipangia skrubu zangu Jumamosi mbili, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa. Kwa mkono mkavu!"

Njiani mama alitembea polepole. Uchovu wa siku nane ulikuwa bado miguuni mwake.

"Ulifikiri nitakupiga?"

"Ndiyo, mama."

"Labda ningekupiga. Lakini sikiliza. Kumwaga maji kulikuwa kosa la dakika moja. Ungesema siku ile, ningefungua, ningekausha, tungelala. Kunyamaza ndiko kulikomtembeza mkunga kwa miguu, kukamvunjia mzee heshima, kukanikausha mimi macho. Kosa likisemwa hubebwa na mwenyewe. Likifichwa hubebwa na wasiolijua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Ijumaa iliyofuata Kijiko alisimama tena langoni, mpira kwapani. "Utapangusa mpaka lini wewe?"

"Mpaka iishe," Tochi akajibu bila kugeuka.

Kijiko akasonya, akatazama njia, akatazama injini. Mwisho akaweka mpira chini.

"Haya, nipe na mimi tambara."

"Kavu hilo?" mama akauliza kutoka chini ya gari lingine.

"Kavu, mama," wakaitikia wote wawili.