Rutinwa Amepata Mtoto

Kwa Cleophace pale Kamuli, kitu cha kwanza kilikuwa samli. Nyumba haina ng'ombe, haina hata mbuzi wa kusingiziwa, mama mwenye nyumba anapikia mafuta ya kupima, halafu asubuhi ukifungua mlango unapigwa na harufu ya samli iliyochacha, ile ya watu wa zamani waliokuwa wanajipaka mwilini. Joanitha, mkewe, akadhani ni mimba. Si unajua mimba inavyonusa, na ya kwake ilikuwa kubwa tayari, kitovu kimetoka nje kama kifungo.

Mama mkwe wake, Anatolia, alicheka. Huyo bibi akicheka Kamuli, Mabira wanaulizana harusi ni ya nani.

"Mkamwana, hiyo pua ukishajifungua uniazime. Nina kuku wangu wameibwa, nataka nipite nayo kwenye masufuria ya watu."

Joanitha naye akacheka. Walikuwa bado wanacheka siku hizo.

Sasa ujue kibanja chenyewe, hilo shamba walilojenga, walikipataje. Zamani sana, wakati wa wafalme, wazungu bado hawajasikika, ardhi yote ile ilikuwa ya bwana mmoja anaitwa Rutinwa. Nyarubanja yake ilianza bondeni ikapanda mpaka kilimani, na watu waliokuwa wanaishi humo walikuwa wake kama migomba ilivyokuwa yake. Ukikamua rubisi, pombe ya ndizi, kibuyu cha kwanza unampelekea yeye, unapiga magoti, unakitoa kwa mikono miwili. Na hunyanyuki mpaka umsifu kwa baba zake: Rutinwa wa Kyaruzi, Kyaruzi wa Ndibalema, unapanda hivyo hivyo mpaka aseme inatosha. Alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu na wake wengi. Mtoto hakupata hata wa kusingiziwa. Akafa, ukoo ukaisha naye, na kaburi lake likabaki katikati ya milamula, ile mimea ya mpaka, watu wanalikwepa.

Juzi juzi wazee wa kitongoji, ambao walishasahau kwamba alikufa bila mtoto, wakasema kibanja kile kisiendelee kulala. Anayeweza kuhesabu baba zake mpaka afike kwa Rutinwa, achukue. Elipidius, jirani aliyekuwa anachungia mbuzi pale, akasimama kwa mbwembwe, akafika kwa babu wa babu yake, akakwama, akaanza kutukana. Cleophace akasimama. Mimi Cleophace wa Benjamin, Benjamin wa Ishengoma, Ishengoma wa Bitegeko, akapanda bila kukohoa, jina juu ya jina, mpaka akatua: wa Rutinwa, Rutinwa wa Kyaruzi, Kyaruzi wa Ndibalema. Watu wakapiga makofi.

Uongo. Babu zake Cleophace walikuwa watwarwa, wabeba vibuyu. Majina ya bwana waliyajua kwa sababu ya kuyaimba wamepiga magoti, wakarithishana, maana mtumishi ndiye anayejua ukoo wa bwana kuliko bwana mwenyewe. Cleophace alichofanya ni kushona majina yao chini ya majina ya Rutinwa, na pale kwenye mshono akaweka mtoto ambaye hakuzaliwa. Anatolia alikuwa amekaa mkekani, anajua kila kitu. Akajifunika kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mwanawe kapata shamba, atasemaje?

Basi wakajenga, wakahamia. Ikaja samli. Halafu rubisi. Cleophace anakamua jioni, anafunika vizuri, asubuhi kibuyu cha kwanza kikavu, na mdomo wake umefutwa kwa nyasi, kistaarabu kabisa, kama mtu aliyefundishwa adabu. Wakamsingizia Elipidius. Halafu ukaja mkaa. Kipande kimoja, cheusi, kimewekwa kizingitini. Joanitha anafagia, anatupa kwenye migomba, kesho yake kipo palepale.

Siku moja Joanitha akaipua sufuria ya matoke jikoni kwa mikono mitupu, akaileta mezani, akaiweka.

"Mae, mikono yako," Anatolia akasema.

Joanitha akaitazama. Malengelenge yalikuwa yanainuka. "Haina kitu," akasema, akaanza kupakua.

Tangu hapo nyumba ikapoa. Hawakugombana, hawakulia. Chumvi ikizidi hakuna aliyesema, ikikosekana hakuna aliyesema. Redio iliisha betri, ikabaki hapo. Habari ilipokuja kwamba dada yake Joanitha amefiwa kule Kanoni, Joanitha alisema "haya," akaendelea kumenya ndizi, na Anatolia alipotaka kumtania kidogo ili amzindue, akafungua mdomo kucheka, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka, sauti haikuja. Akafunga mdomo. Hakujaribu tena.

Na mtoto tumboni akaacha kucheza.

Cleophace alikuwa shambani, mchana kweupe, jua limesimama, anakata majani makavu ya migomba, aliposikia harufu ile ya samli inamjia mgongoni pole pole kama mtu mzee anayetembea na fimbo, na majani ambayo hayakuwa na upepo wowote yakawa yanasogea moja baada ya jingine, yanaachia njia, yanafunga njia, mpaka kitu kile kikasimama nyuma yake karibu kiasi kwamba shingo yake ikaota mafuta, kikakohoa kikohozi cha mtu aliyezoea kusubiriwa, kikauliza kwa Kinyambo cha zamani ambacho hata babu yake hakukisema, "Wewe ni wa nani?"

Mdomo wa Cleophace ukajibu wenyewe. Ukapanda majina yote mpaka juu.

"Na mimi ni baba wa nani?"

Mdomo ukashuka majina yote, ngazi kwa ngazi, mpaka Benjamin, mpaka Cleophace.

"Na Cleophace ni baba wa nani?"

Hapo akauma ulimi mpaka damu ikatoka. Haukumuuma hata kidogo.

Alipofika nyumbani akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi. Anatolia akakitazama kile kipande cha mkaa kizingitini.

"Mtu asiyezaa alikuwa anazikwa na mkaa mkononi," akasema. "Wanamwambia, mtoto wako huyu hapa, usirudi kutafuta mwingine. Mwanangu, amerudisha mkaa. Anasema hauhitaji tena."

Walutheri wale, wa kwaya kabisa, wakamwita Kashaija, mganga wa Mabira. Alikuja kwa bodaboda, mfuko wa dawa shingoni. Hakupiga ngoma wala hakuchinja. Alishika mikono ya Joanitha, akaifinya, akamtazama usoni, akaiachia.

"Jini nimezoea kulifukuza," akasema. "Lakini huyu hajavamia. Mmemwita baba, mbele ya mashahidi. Nitamfukuzaje mtu kwa mwanawe? Rudi kwa wazee, waitu. Hesabu baba zako wa kweli. Mkaa umrudishie kaburini."

"Shamba litaondoka," Cleophace akasema. "Na kahawa imeshaanza kuiva."

"Litaondoka."

Akageukia mlangoni, akaitazama kahawa yake. Joanitha ndiye aliyesema, bila hasira, macho yapo ukutani. "Jana ulinishika bega, Cleophace. Nilijua kwa sababu nilikuona. Na mtoto simsikii. Sijui kama yupo."

Wazee wakaitwa. Cleophace akasimama palepale alipopigiwa makofi, akahesabu tena, na alipofika kwenye mshono akaufumua: hao walikuwa watwarwa wa Rutinwa, walimpelekea rubisi wakipiga magoti, na mimi ni wao. Elipidius alicheka mpaka akakaa chini. "Mtoto wa mfalme kashushwa machela," akasema, "jamani mpokeeni asiumie mguu." Cleophace hata hakugeuka. Wakaenda kwenye milamula, akachimba, akazika mkaa, akapiga magoti, akamwaga kibuyu cha kwanza kwa mikono miwili kama mtumishi.

"Amekubali?" Anatolia akamuuliza Kashaija kwa kunong'ona.

"Mtoto amemkana. Kazi yangu imeishia hapo," akasema, akavaa kofia yake. "Baba kukubali kukanwa, hilo ni la baba."

Wakarudi Mabira, kwenye nyumba ya zamani ya Anatolia. Harufu haikuwafuata. Njiani bibi aliweka kiganja tumboni kwa mkwewe, akakiacha, halafu akacheka, na kicheko kilikuwa na sauti. "Anapiga teke. Anapiga kama punda huyu."

"Kweli?" Joanitha akauliza. Yeye hakusikia. Mikono yake, tumbo lake, vyote vilibaki vimekufa ganzi. Hata uchungu ulipokuja aliutambua kwa kuona maji.

Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, mzito. Zahanati wakamchoma sindano, hakulia, akamtazama nesi tu. Wanawake kwenye benchi wakamsifu, mwanaume huyo, angalieni. Joanitha akapatazama pale sindano ilipoingia.

Siku ya kumtoa nje kumpa jina, jirani walijaa uwanjani. Anatolia alikuwa anawachekesha kwa habari za pua ya mkwewe na kuku wake. Cleophace akainua sauti, akamwita mtoto Bitegeko, jina la mbeba vibuyu, ili hata aliye chini ya ardhi asikie ni wa nani. Watu wakapiga vigelegele.

Ndani, Joanitha alikuwa anamfunga mtoto shuka amtoe. Ngumi ya kulia ilikuwa imefumbwa. Akaifumbua kidole kwa kidole, kwa mikono yake iliyokuwa haijasikia kitu tangu Kamuli, akachukua kilichokuwa ndani.

Kilimuunguza.

Akakiangusha. Kidole chake kilikuwa kinauma kweli kweli, chozi likamtoka, la kwanza. Kipande cha mkaa kilikuwa sakafuni, kinafuka moshi mwembamba, na mtoto alikuwa anamtazama mama yake, kimya, kiganja chake kidogo kimefunguka, hakina hata alama, kinang'aa samli.

"Mleteni mwana wa Cleophace," walikuwa wanaita nje.