Walimkataza Mama Kumlilia Sista

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka arobaini na moja, mkulima wa kahawa na migomba hapa Kimuli, wilayani Kyerwa. Naandika huku roho inaniuma, na kusema kweli hasira ninayo pia. Mnivumilie, wasomaji wenzangu.

Mdogo wangu Agripina alikuwa mtawa. Shirika lake lilimpeleka nchi jirani kuuguza wagonjwa, na vita vikamkuta hukohuko. Sista mmoja aliyenusurika ndiye aliyetusimulia. Watu wenye silaha waliingia konventi, wakawaamuru masista wakanyage msalaba. Wengine walipata upenyo wakakimbilia porini. Agripina alibaki na wagonjwa wasioweza kutembea... Akakataa kukanyaga msalaba, wakamuua palepale.

Njia zilikuwa zimefungwa, akazikwa huko. Mama aliposikia alisema, nileteeni mwanangu nimlaze kwenye kibanja, hapa nyumbani migombani, kando ya kaburi la baba yake. Nani angemletea?

Basi tukatandika nyasi ndani ili tukae matanga. Wanawake wakaanza kulia. Mara wakaingia baba mdogo na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, wakazizoa zile nyasi wakazitupa nje. Eti shahidi haliliwi, yuko mbinguni, kumlilia ni kukosa imani. Mama akavalishwa kitenge kipya, akaketishwa mbele kanisani, watu wakapanga foleni kumpa hongera. Hongera ya nini, jamani? Na aliyezipokea kwa tabasamu ni baba mdogo, yuleyule aliyemwita Agripina mjinga alipokwenda utawani, kwa vile yeye baba mdogo alikosa ng'ombe wa mahari.

Tangu siku hiyo Mama hakutoa chozi. Chakula akawa anakisogeza pembeni. Kila asubuhi alikwenda na jembe kuchimba kando ya kaburi la baba. Nikamficha jembe, akachimba kwa mikono. Hospitalini walimpima wakasema hawaoni ugonjwa.

Mwezi uliopita nilikata nyasi mwenyewe, nikazitandika upya. Nikamwambia baba mdogo athubutu kuzigusa aone. Nikamketisha Mama juu ya nyasi hizo, nikamshika mkono.

"Mama, mlilie mwanao."

Akaniuliza, "Sasa wameruhusu?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, lia. Alijaribu... Midomo ilifunguka, sauti haikutoka. Akaniegemea begani, na jioni hiyohiyo akafariki akiwa ameniegemea.

Tulimzika katika lile shimo alilolichimba. Hapakuwa na haja ya kuliongeza sana. Baba mdogo alilia kuliko wote, na hakuna aliyemkataza.

Wasomaji wenzangu, namwonea fahari mdogo wangu, na naamini Mungu amempokea. Lakini nawasihi, mkifika kwa mzazi aliyefiwa, hata kama mwanawe amekufa kifo cha heshima namna gani, hongera zenu ziwekeni kando kwanza. Kaeni naye chini kwenye nyasi. Mwacheni alie.