Kompyuta ya Selina na Ubeti Uliopotea

Kila asubuhi ya likizo Selina alichota maji bombani, akafagia uwanja, akaosha vyombo na kuwatupia kuku pumba. Kazi hizo zote alizifanya haraka na vibaya, na mama yake alikwisha kuchoka kusema. Ilipofika saa nne alikuwa ameshashuka kutoka Kirumba hadi mjini, kwenye chumba cha fundi Antoni, aliyetengeneza redio na, tangu miaka ya karibuni, kompyuta.

Ulikuwa mwaka 1999. Ofisi nyingi za mjini Mwanza zilikuwa zikinunua mashine mpya na kuziondoa za zamani, na za zamani ziliishia kwa fundi Antoni. Selina, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, alikuwa amepania jambo moja: kuunda kompyuta yake kwa mikono yake, acheze mchezo wa mbio za magari aliouona hapo kwa fundi. Kwa miezi sita alipuliza vumbi kwenye mashine za watu na kufungua skrubu, naye fundi akampa kifaa kimoja kimoja. Kasha alikuwa nalo, kioo alikuwa nacho, na kibodi isiyo na herufi mbili tatu. Alikuwa pia na kipande kimoja cha kumbukumbu, ambacho mafundi wanakiita ramu. Kilikuwa cha megabaiti kumi na sita. Mchezo wa magari ulidai thelathini na mbili.

"Kipande cha pili kitakuja," fundi Antoni alimwambia. "Ila ukichagua ramu usianze na ukubwa. Tazama hivi vidonge vyeusi. Vyote viwe na jina la kiwanda kimoja. Ukiona maandishi yamekwanguliwa, au kidonge hiki kina jina hili na kile jina lile, ujue kipande kimeungwaungwa. Tazama na haya meno ya dhahabu, yasiwe na kutu. Halafu pima."

"Lakini kompyuta si inapima yenyewe ikiwaka? Inahesabu kila kitu."

"Hiyo si kupima, hiyo ni kujuliana hali. Mtu ukimwuliza hali atasema njema, hata kama ana malaria." Fundi akatoa flopi, diski ndogo bapa, kwenye droo. "Hii ndiyo inayopima. Inaandika kwenye kila pembe ya ramu, halafu inasoma tena ilichoandika. Iache izunguke mchana mzima. Ukiona mstari mwekundu hata mmoja, kipande hicho hakifai. Afadhali kumi na sita za kweli."

Selina alisikia yote, na angeweza kuyarudia neno kwa neno. Kusikia hakukuwa tatizo lake.

Wiki iliyofuata Paulo, mwenzake wa darasa la sita, alimletea kipande cha ramu cha megabaiti kumi na sita ambacho kaka yake alikichomoa kwenye mashine mbovu. Paulo hakumficha kitu. Alisema hajui kama ni kizima. Selina alimpa taa ya baiskeli yake wakabadilishana. Vidonge viwili kati ya vinane vilikuwa vimekwanguliwa maandishi. Selina aliviona, akageuza kipande upande wa pili, ambao haukuwa na vidonge.

Siku hiyo fundi alikuwa amekwenda Busisi kutengeneza redio ya mteja. Selina alichomeka kipande cha Paulo pekee kwenye mashine, akaweka flopi na kusubiri. Mzunguko wa kwanza ulipita salama. Kwenye mzunguko wa pili, karibu na mwisho, ilitokea mistari mitatu myekundu. Selina aliitazama kwa muda mrefu, kisha akazima mashine.

"Imepita?" fundi aliuliza aliporudi, viatu vikiwa bado na vumbi la njiani.

"Imepita."

"Mizunguko mingapi?"

"Mingi," Selina alisema, akainama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

Nyumbani Selina alipanga vipande vyake kwa akili aliyoiona kuwa kubwa. Kile kizuri alikiweka kwenye nafasi ya kwanza, na kile cha Paulo kwenye nafasi ya pili. Kompyuta itaanza na kizuri, alijiambia, na kibaya itakifikia mara chache tu. Watoto wengi wa Usukumani wangefikiri hivyo hivyo. Katika miaka ile ya soko huria wanunuzi wa pamba walikuwa wengi, na baadhi yao hawakujali pamba safi ni ipi na fifi, ile chafu ya daraja la pili, ni ipi. Walipima gunia na kuondoka. Basi wapo wakulima waliojaza fifi chini na katikati, wakaweka safi mdomoni. Selina aliyajua hayo vizuri, kwa kuwa kazi ya baba yake, Mzee Mihayo, ilikuwa kukagua pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia. Kila jioni alirudi na nyuzi kwenye nywele na kulalamika kuhusu magunia ya namna hiyo.

Mchezo wa magari ulifunguka. Selina na mdogo wake Obedi walipiga kelele mpaka mama akawatoa nje. Mchezo uliganda mara moja siku ya kwanza na mara tatu siku ya pili. Kila ulipoganda Selina alisema, "Umeme huu," na Obedi, aliyekuwa na miaka kumi, aliamini.

Mzee Mihayo alikuwa ameruhusu kompyuta ikae sebuleni kwa sharti moja. Jirani yao, Bibi Bernadeta, alikuwa amefundisha kwaya ya kigango kwa miaka mingi. Nyimbo zake nyingi alizitunga mwenyewe, na daftari aliloziandikia lilikuwa limeliwa na mchwa. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, na mwanawe alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye Magu. Kabla hajaondoka, nyimbo zilizomo kichwani mwake ziandikwe, na ofisi ya parokia itazichapa. Selina ndiye angeziandika.

Kwa wiki mbili Bibi Bernadeta alikuja kila alasiri, akakaa kwenye kigoda na kuimba taratibu, mstari kwa mstari, huku Selina akiandika. Nyingine zilikuwa za Kiswahili, nyingine za Kisukuma. Zilifika thelathini na moja. Wimbo aliokawia nao zaidi ulikuwa wa kuvuka ziwa, kwa sababu ubeti wake wa tatu ulitungwa na marehemu mumewe.

"Huu ulikuwa umenipotea miaka," alisema siku hiyo, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Leo umekuja wenyewe tu. Umeuandika?"

"Nimeuandika, Bibi."

Na kweli aliuandika. Bibi alipoondoka, Selina aliuacha wimbo ukiwa wazi, akafungua mchezo wa magari juu yake, akacheza mpaka wakati wa chakula.

Ijumaa, siku tatu kabla ya safari ya Magu, Selina alifungua nyimbo ili azisome mara ya mwisho. Za mwanzo zilikuwa sawa. Kuanzia wimbo wa kumi na mbili, palipokuwa na maneno palikuwa na nyota, mistari na herufi ambazo hazisomeki katika lugha yoyote. Alifunga, akafungua tena. Alichukua flopi aliyokuwa amehifadhia nakala, akakuta takataka zile zile, kwani nakala ilitoka kwenye mashine ile ile. Akaikumbuka ile mistari mitatu myekundu: mchezo ulikuwa umejaza kipande kizuri, na nyimbo zikaangukia kwenye kibovu.

Bibi Bernadeta alifika saa tisa kama kawaida.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka?"

"Nyimbo zimeharibika, Bibi. Ni umeme."

Bibi alinyoosha mkono, akautafuta mkono wa Selina na kuushika. "Pole, mjukuu wangu. Umejitaabisha wiki mbili, halafu umeme unakufanyia hivyo. Usilie. Kosa si lako."

Kama angemkemea, huenda Selina angenyamaza mpaka leo. Lakini ile pole ilimchoma. Alivumilia mpaka Bibi akaenda zake, akatoka mbio hadi kwa baba yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia langoni, na kumwambia yote: mistari mitatu myekundu, uongo kwa fundi Antoni, na uongo kwa Bibi.

Mzee Mihayo hakupandisha sauti. Aliketi barazani, akavua viatu.

"Hicho kibaya ulikiweka wapi?"

"Nyuma ya kizuri."

"Kwa nini nyuma?"

Mzee Mihayo alimtazama, na Selina akaona baba yake amekwisha kuelewa.

"Mimi kazini," alisema polepole, "naingiza mkono kwenye gunia mpaka kwapani. Kumbe nyumbani kwangu kuna gunia la namna hiyo." Selina alitamani apigwe kuliko kusikia maneno hayo. "Haya. Nenda kwa Bibi umwambie kama ulivyoniambia mimi. Kesho asubuhi twende kwa fundi."

Bibi Bernadeta alimpokea Selina kwa kumshika mkono, lakini alipoambiwa aliuachia. Hakuushika tena. "Kwa hiyo zilikufa kwa ajili ya mchezo," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Nina Jumamosi na Jumapili. Njoo na daftari pia, siyo hiyo mashine peke yake."

Asubuhi fundi Antoni alisikiliza, akatikisa kichwa, akachomoa kipande cha Paulo mwenyewe. Hakumfukuza Selina, ila alisema, "Nilikuuliza mizunguko mingapi, nikaona umeinama. Nilijua, nikakuachia. Nami nimekosa." Kile kipande kizuri alikipima kikiwa peke yake kuanzia saa tatu mpaka saa saba, na hakukutokea mstari mwekundu hata mmoja. Kompyuta ikarudi nyumbani na megabaiti zake kumi na sita. Mchezo wa magari haukufunguka tena. Obedi alinuna, kisha akapewa kalamu na daftari, akasahau kununa.

Kwa siku mbili Bibi Bernadeta aliimba, Selina aliandika kwenye mashine na Obedi kwenye daftari. Sauti ya Bibi ilikauka, mama akamletea chai ya tangawizi, akaendelea. Jumapili saa kumi na moja jioni nyimbo zote thelathini na moja zilikuwa zimerudi, isipokuwa ubeti mmoja. Bibi aliuimba wimbo wa kuvuka ziwa mara nne. Kila alipofika ubeti wa tatu, ule wa mumewe, alisimama.

"Haupo," alisema mwisho. "Ulikuja siku ile, ukaenda." Aliinuka, akamshukuru mama kwa chai, na Obedi akamshika mkono kumrudisha kwake.

Obedi aliporudi alimkuta dada yake bado anatazama nafasi tupu kwenye kioo, na baba yao amesimama nyuma yake.

"Tuutunge sisi," Obedi alinong'ona. "Mistari minne tu. Bibi haoni vizuri, na anakwenda Magu. Nani atajua?"

Mzee Mihayo alisikia, lakini hakumkemea. Alimwangalia Selina.

"Mimi nitajua," Selina alisema. Akaandika pale: Ubeti wa tatu umepotea kwa kosa la mwandishi. Akaweka jina lake chini.

Mzee Mihayo aliyasoma maneno hayo mara mbili. Alivuta kiti, akakaa kati ya watoto wake.

"Sikilizeni," alisema. "Mzani haujui fifi. Mzani unajua uzito tu. Mnunuzi naye hajui, yeye anaona mdomo wa gunia. Anayejua ni mtu mmoja, yule aliyeingiza mkono mpaka chini. Kazi ya mtu huyo ni kusema alichokigusa, hata kama gunia ni lake mwenyewe. Akinyamaza, uzi utakatikia mbele, mikononi mwa mtu asiye na kosa. Selina, juzi ulijua ukanyamaza. Leo umejua ukasema. Tofauti ya mtu mwaminifu na asiye mwaminifu ni hiyo tu, na itakubidi uichague tena kesho."

"Ndiyo, Baba."

"Na uamke mapema. Basi la Magu linaondoka saa moja, mizigo ya Bibi inataka watu."

Kitabu kilichapwa mwezi uliofuata, na maneno ya Selina yakaachwa humo kama alivyoyaandika. Kwaya ya kigango inaimba wimbo wa kuvuka ziwa hadi leo. Wanapofika ubeti wa tatu wanafumba midomo na kuvumisha sauti tu, mistari minne, kisha wanaendelea na wa nne.