Mchanga Mbichi Si Mchanga wa Majimaji

Miaka ile ya hamsini, Nakuru ilikuwa mji wa vumbi na honi za gari la moshi. Ukipita nyuma ya nyumba za wafanyakazi jioni, ulisikia cherehani ya Chelangat ikienda tik-tik-tik. Ah, sauti ile! Waliokulia mtaa ule wanaikumbuka hadi leo.

Cherehani hiyo Chelangat aliirithi kwa mama yake, Miriamu. Ilizungushwa kwa mkono. Kwenye ukingo wa gurudumu lake marehemu alikuwa amechora herufi M kwa msumari, siku alipojua kuandika jina lake. Kila Chelangat aliposhona, kidole gumba chake kilipita juu ya herufi hiyo.

Siku moja mguu wa meza ulivunjika. Cherehani ikaanguka, gurudumu likapasuka vipande viwili. Chelangat alilia kama amefiwa tena.

"Nyamaza, Mama Zeddy," akasema mumewe, Kimaiyo. "Nitakutengenezea lingine."

"Wewe? Tangu lini?"

Kimaiyo alikuwa seremala, lakini alipenda sana kuchezea vyuma. Aliwahi kusikia mafundi wa reli wakisema kwamba chuma humiminwa katika mchanga mbichi. Akawaza, mbichi ni ule uliotoka mtoni sasa hivi. Basi akaleta debe la mchanga kutoka Mto Njoro, maji yakichuruzika. Akaunganisha gurudumu kwa gundi, akaligandamiza katikati ya visanduku viwili vilivyojaa mchanga, kisha akalitoa ili libaki shimo la umbo lake. Akayeyusha sufuria kuukuu za alumini juu ya makaa.

Alipomimina, lo! Mvuke ulilipuka. Matone ya moto yakaruka huku na huku. Tone moja likatoboa kofia yake ya kwendea kanisani, ikiwa kichwani.

"Wacha! Wacha kabisa!" Chelangat akapiga kelele. "Mama yangu amekwenda. Na wewe unataka kwenda?"

Mzee Gachanja, jirani yao, alikuja mbio. Alikuwa amefanya kazi ya kumimina chuma katika karakana ya reli mpaka akastaafu. Akatazama ule mchanga, akatikisa kichwa.

"Bwana Kimaiyo, hii ni nini? Uji?"

"Ni mchanga mbichi, mzee. Si ndivyo mnavyosema?"

Gachanja akacheka mpaka akakohoa. "Mbichi maana yake haujachomwa! Ni kama chungu ambacho hakijaingia motoni. Maji ni kidogo tu. Yakizidi, chuma cha moto kinayageuza mvuke. Mvuke ukikosa njia, unakurushia chuma usoni. Shukuru Mungu imekuwa kofia."

Chelangat akapangusa macho. "Mzee, mchanga ukifanywa vizuri, ile M ya mama itatokea?"

"Mchanga mzuri unashika hata alama ya kidole, mama."

"Basi tufundishe. Na nitauchanganya mimi. Huyu hata chai anazidisha maji."

Ilikuwa kweli.

Wakaanika mchanga mpaka ukakauka, wakauchekecha kwa chekecheo la unga. Wakatwanga udongo wa mfinyanzi uliokauka, wakauchekecha pia. Gachanja aliwaambia wafunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lile linaharibu mapafu. Kisha Chelangat akapima makopo kumi ya mchanga na kopo moja la udongo. Akavichanganya vikiwa vikavu, halafu akanyunyiza maji kwa vidole, akikanda na kusugua.

"Ongeza maji?" Kimaiyo akauliza.

"Wewe kaa hapo," mkewe akamjibu.

"Sasa finya," Gachanja akasema.

Chelangat akafinya konzi moja. Akafungua mkono. Donge lilisimama, na alama za vidole vyake zilionekana wazi. Akalivunja, likakatika mara moja bila kumomonyoka. Kiganja hakikulowa.

"Huo ndio mbichi," mzee akasema. "Ukimomonyoka, nyunyiza tena kidogo. Ukikulowesha, ongeza mchanga mkavu na udongo kidogo."

Wakaufunika kwa gunia mpaka kesho yake, unyevu uenee. Kabla ya kulaza lile gurudumu la zamani katika visanduku, walilipaka majivu laini lisigande. Walipolitoa, wakatoboa vijitundu mchangani kwa waya, mvuke upate pa kutokea. Safari hii Kimaiyo alivaa buti na miwani ya karakana aliyoazimwa na mzee. Watoto walipelekwa mbali.

Alimimina alumini polepole. Mvuke mwembamba ulipanda kwenye vile vijitundu, basi. Hakuna kilichoruka.

Gurudumu lilipopoa, Kimaiyo alilipiga tupa, akalitoboa katikati, akalifunga mahali pake. Chelangat alikataa kulitazama. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu. Kikafika mahali, kikasimama.

"Ipo," akasema. "Baba Zeddy, ipo!" Akalia tena, lakini safari hii akicheka.

Jioni hiyo mtaa ulisikia tena tik-tik-tik. Kitu cha kwanza kutiwa kiraka kilikuwa kofia ya kanisani. Chelangat alizungusha gurudumu, kidole kikipita juu ya M kila mara.

"Mama," akanong'ona, "tumerudi kazini."